Dhalimu Asivune: Talaka ya Ukatili, Mtoto na Matunzo katika Mapokeo Manne

Imam Malik bin Anas, mwanachuoni wa Madina aliyefariki mwaka 795, ameandika katika Al-Muwatta hukumu fupi kuhusu mke aliyejikomboa, yaani aliyemrudishia mumewe mahari au mali nyingine ili aachwe. Ikijulikana kwamba mume ndiye aliyemdhuru mkewe na kumbana mpaka akaona heri atoe mali apate kupumzika, talaka imepita, na mali yote irudishwe kwa mwanamke. Mume haambulii kitu.

Hukumu hiyo inabeba mambo mawili. La kwanza ni kwamba ukatili ni sababu ya wanandoa kutenganishwa. Hili limekubaliwa kwa namna moja au nyingine karibu kila mahali, hata na wale wasioitambua talaka kabisa. La pili ndilo zito zaidi, nalo husahauliwa mara nyingi: aliyetenda ukatili asifaidike na ukatili wake. Asipate mali kwa sababu alipiga. Asibaki na watoto kwa sababu alimtisha mama yao hadi akakimbia. Asiokoe fedha zake kwa sababu njaa ilimrudisha mwenzake nyumbani kabla shauri halijaisha.

Sheria za ndoa tulizo nazo Afrika Mashariki zimechota katika mapokeo manne: desturi za koo, fikihi ya Kiislamu, kanuni za Kanisa Katoliki na sheria ya Kiingereza. Kila moja lina wafuasi wanaoamini kwamba la kwao ndilo lenye huruma na la jirani ndilo lenye ugumu. Mimi nitayapima yote manne kwa swali moja: anayekimbia kipigo anaondoka na nini? Hati ya talaka peke yake haimlishi mtu wala haimrudishii mtoto aliyeachwa nyuma.

Ukatili wa namna gani, na nani ashuhudie

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapo ndipo kesi za ukatili zinapoanzia kuwa ngumu. Jambo limetendeka chumbani, usiku, bila shahidi. Kila pokeo limelazimika kuamua mambo mawili: ukatili uanzie wapi, na nani aaminiwe.

Katika desturi za koo nyingi za eneo letu, kofi moja halikuhesabiwa kuwa sababu ya kuvunja ndoa. Kilichohesabiwa ni kupita kiasi: kujeruhi, kunyima chakula, kumsingizia mke uchawi, kuwatukana wazazi wake. Mke alirudi kwao, wazee wa pande mbili wakakaa, mume akiwa na kosa akatozwa faini kabla ya kukabidhiwa mke tena. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu moja ambayo mahakama za leo hazina. Wazee waliwafahamu watu wote wawili tangu utotoni, na jeraha walilitazama kwa macho yao. Udhaifu wake ni kwamba wazee hao hao ndio waliopokea mahari au kuitoa. Ndoa ikivunjika, ng'ombe walitakiwa kurudi, na pengine walikwisha kutumiwa kumwozea kijana mwingine wa ukoo. Si rahisi mtu kusikiliza kwa utulivu malalamiko yanayoweza kumtoa ng'ombe zizini.

Fikihi nayo imeanzia kwenye baraza. Kurani, katika Sura An-Nisaa aya ya 35, inaagiza wapelekwe wapatanishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Wanazuoni walitofautiana juu ya uwezo wa wawili hao. Kwa Wamaliki, wapatanishi ni mahakimu: wakiona hakuna njia, wanaweza kuwatenganisha hata mume akikataa, na kadhi naye anaweza kuvunja ndoa kwa sababu ya madhara. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya pwani yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa na Visiwa vya Komoro, kauli iliyoshika zaidi ni kwamba wapatanishi ni mawakili tu wa wanandoa. Kadhi atamwonya mume, atamtia adabu, atatuma wapatanishi, lakini talaka inabaki mkononi mwa mume. Wahanafi walikuwa wagumu zaidi. Mwanamke aliyepigwa Fez ya Wamaliki na mwanamke aliyepigwa Mombasa ya Washafii, wote Waislamu na wote wakisoma Kurani moja, walikuwa na nafasi tofauti kabisa.

Lililotokea karne iliyopita linastahili kukumbukwa na kila anayesema kwamba mapokeo hayabadiliki. Katika India ya wakoloni, baadhi ya wanawake wa Kihanafi waliokosa njia ya kutoka walianza kujitoa katika Uislamu, kwa kuwa kuritadi kulihesabiwa kuvunja ndoa. Ashraf Ali Thanawi, mwanachuoni mkubwa wa Kihanafi, hakuishia kuwalaumu. Alikusanya fatwa za Wamaliki na kuandika kwamba katika shida hii inafaa kuchukua kauli yao. Mwaka 1939 ikapitishwa sheria ya kuvunja ndoa za Waislamu, na ukatili ukaorodheshwa waziwazi: kupiga kwa mazoea, kumfanyia mke maisha machungu hata bila kumgusa, kufuja mali yake, kumzuia asitekeleze dini yake. Dola ya Osmani ilikwisha kutangulia mwaka 1917, na Misri mwaka 1929, zote zikiegemea kwa Malik. Pokeo lilijitibu kwa dawa iliyokuwa ndani ya nyumba yake lenyewe.

Pwani yetu, makadhi walipata njia yao. Mtafiti Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998, alikuta kwamba wengi wa wanaofungua mashauri ni wanawake, na mara nyingi wanashinda. Ushindi huo una gharama yake. Mwanamke aliyelelewa kuamini kwamba heshima ni kuvumilia na kutotoa siri za nyumba nje analazimika kuzitoa moja baada ya nyingine mbele ya karani na watu wasiomjua. Ukatili wa kwanza aliupata nyumbani. Kuusimulia hadharani ni mzigo wa pili.

Uingereza, inayopenda kuonekana kama mwalimu wa wengine, ilichelewa kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya mwaka 1857 ilimruhusu mume kumwacha mke kwa uzinzi peke yake. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Mwanamke aliyepigwa na mume asiye mzinzi hakuwa na talaka. Ukatili ulikuja kusimama peke yake kama sababu mwaka 1937, miaka 1142 baada ya kifo cha Malik. Hata hapo mahakama ziliufunga kwenye hatari ya maisha, kiungo au afya, kufuatana na uamuzi wa mwaka 1897. Kipimo hicho ndicho kilichopandishwa meli na kuletwa makoloni.

Kanisa Katoliki halina talaka, na wengi hufikiri kwamba kwa hiyo linamwambia aliyepigwa arudi akasali. Sivyo kanuni zinavyosema. Kanuni ya 1153 ya mwaka 1983 inampa mwanandoa haki ya kuondoka ikiwa mwenzake anahatarisha vibaya roho au mwili wake au wa watoto, kwa idhini ya askofu, au kwa uamuzi wake mwenyewe ikiwa kuchelewa ni hatari. Mwaka 2016 Papa Fransisko aliandika kwamba kutengana kunaweza kuwa wajibu wa kimaadili pale mnyonge au watoto wanapohitaji kulindwa. Ndoa inabaki, lakini nyumba haigeuki gereza. Katekista anayemrudisha mwanamke mwenye jicho lililovimba kwa mumewe, kwa hoja kwamba Kanisa halijui kutengana, amelisemea Kanisa neno ambalo halikulisema.

Bei ya kutoka

Sasa tuje kwenye bei. Hadithi mashuhuri ya khului, yaani mke kujikomboa kwa mali, inamhusu mke wa Thabit bin Qays, aliyefika kwa Mtume alfajiri, giza bado halijapasuka, akisema hawezi kuendelea na mumewe. Mahari yake ilikuwa shamba. Akaambiwa alirudishe, akaachwa. Katika mapokezi ya Bukhari, mwanamke anasema hamlaumu mumewe kwa tabia wala dini, ila anachelea kukosa shukrani akiendelea kukaa naye. Katika mapokezi ya Abu Daudi, Thabit alikuwa amempiga hadi akamvunja.

Mapokezi hayo mawili yanatoa picha mbili zilizo mbali. Kwa mke aliyechoka tu kumpenda mume asiye na kosa, kurudisha shamba ni uadilifu, kwa kuwa mume naye ana hasara. Mke aliyevunjwa kiungo kisha akarudisha shamba amelipa faini ya kosa la mwenzake. Ndiyo maana Malik alitenganisha hali hizo mbili, na ndiyo maana Kurani yenyewe, katika Sura An-Nisaa aya ya 19, inakataza kuwabana wanawake ili kuwanyang'anya sehemu ya walichopewa. Kadhi anayepokea ombi la khului bila kuuliza kwanza kwa nini mwanamke huyu anataka kujikomboa anaweza kugeuka mkusanyaji wa malipo ya dhuluma bila kujua. Misri, kwa sheria yake ya mwaka 2000, ilimwezesha mke kupata khului bila ridhaa ya mume mradi aache haki zake za mali. Wanawake wengi waliona afadhali hiyo kuliko kuthibitisha madhara kwa miaka kadhaa. Lakini mwanamke aliyepigwa akichagua njia ya haraka kwa kuwa njia ya haki ni ndefu, bei ameilipa yeye.

Desturi za koo zilikuwa na hesabu iliyo karibu na ya Malik. Katika jamii nyingi, kiasi cha mahari kilichorudishwa kilitegemea kosa ni la nani na watoto waliozaliwa ni wangapi. Mume aliyemtesa mkewe angeweza kurudishiwa wanyama wachache au asirudishiwe kabisa. Kasoro ni kwamba hesabu hiyo ilikuwa kati ya wanaume wa pande mbili, na mwanamke hakuondoka na ng'ombe hata mmoja.

Uingereza ndiyo iliyokuwa na bei ya juu kuliko zote. Hadi sehemu kubwa ya karne ya 19, mke aliyeolewa hakuwa na mali kisheria: alichoingia nacho na alichokichuma vilikuwa vya mume. Caroline Norton, mwandishi wa vitabu aliyeolewa mwaka 1827 na mwanasheria aliyekuwa mbunge, alipigwa mara kwa mara, hata akiwa mjamzito. Alipotengana naye mwaka 1836, malipo ya vitabu alivyoviandika kwa mkono wake yalikuwa haki ya yule aliyempiga. Wakati huohuo, mwanamke wa Kiislamu wa Zanzibar alikuwa na mahari yake, shamba lake na urithi wake, na mume hakuwa na sauti juu ya vitu hivyo.

Umri wa miaka saba

Kilichomuumiza Caroline Norton zaidi ya fedha ni watoto. Mumewe aliwachukua wavulana watatu akawapeleka kwa jamaa zake Scotland. Mama alipotafuta sheria ya kuwarudisha, akakuta hakuna. Baba alikuwa na haki yote, hata kwa mtoto anayenyonya, hata kama baba ndiye aliyepiga. Aliandika vijarida, akawashawishi wabunge, na mwaka 1839 ikapita sheria iliyomruhusu mama kuomba malezi ya mtoto aliye chini ya miaka saba, na kuwaona waliozidi umri huo, mradi mama mwenyewe asiwe amepatikana na uzinzi. Sheria hiyo haikufika Scotland. Mwanawe mdogo, William, alianguka farasi na kufa mwaka 1842, na mama alipowasili, alimkuta ndani ya jeneza.

Umri huohuo wa miaka saba ulikuwa umekaa katika vitabu vya fikihi kwa karne nyingi. Kwa Washafii, mtoto hukaa kwa mama hadi afikie umri wa kupambanua, unaokadiriwa kuwa miaka saba hivi, kisha anachagua mwenyewe. Imepokewa kwamba Mtume alimwambia mvulana, huyu ni baba yako na huyu ni mama yako, shika mkono wa umtakaye, na mtoto akashika mkono wa mama. Wahanafi wanamwacha mvulana kwa mama hadi miaka saba na msichana hadi tisa. Wamaliki wanamwacha mvulana hadi abalehe na msichana hadi aolewe. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa ya mtoto, kwa kawaida hupoteza nafasi hiyo.

Nguvu ya fikihi hapa ni kwamba imetenganisha kulea na kulipia. Mtoto akiwa kwa mama, baba bado anawajibika kwa chakula, nguo na makazi yake, na Sura At-Talaq inamtaka hata amlipe mama anayemnyonyesha baada ya talaka. Haki ya mtoto ya kula haimfuati aliyeshinda kesi. Udhaifu ni kwamba umri ndio unaoamua zaidi, wakati mkono wa baba unaweza kuwa mzito kwa mtoto wa miaka mitano na wa miaka kumi na mmoja vilevile.

Desturi hazikutazama umri sana. Zilitazama ukoo. Katika jamii zinazofuata ukoo wa baba, kama Wasukuma, Wakurya na Wahaya, mahari ilimfunga mtoto kwa upande wa baba, na Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963 huko Tanganyika liliweka kanuni hiyo katika maandishi. Mama aliyekimbia alijua anaacha watoto, na wengi walibaki wakipigwa kwa sababu hiyo hiyo. Lakini Waluguru, Wakaguru na Wamakua walifuata ukoo wa mama. Huko watoto walikuwa wa kwao mama, mjomba akiwa na sauti kubwa, na mara nyingi ardhi ilipita upande huohuo. Mwanamke wa Kiluguru aliyemchoka mume katili hakulazimika kuchagua kati ya mwili wake na wanawe. Anayesema kwamba desturi ya Kiafrika inampa baba mtoto amesema nusu ya habari.

Chakula wakati shauri linasubiri

Katika suala la matunzo, pokeo lililoonekana gumu kwenye kipigo ndilo linalokuwa jepesi. Washafii, waliomnyima kadhi uwezo wa kuvunja ndoa kwa kipigo, walimpa uwezo wa kuivunja kwa kukosa nafaka, yaani matunzo ya mke. Tena kwao nafaka ya mke isiyolipwa inageuka deni. Haifutiki kwa kupita miezi, ilhali kwa Wahanafi iliyopita bila amri ya kadhi au makubaliano imepotea. Mume anayedhani kwamba akikaa kimya mwaka mzima deni litasahauliwa, kwa Washafii amejidanganya. Baada ya talaka kuna matunzo ya eda, na kuna kiliwazo, yaani kipawa cha kumliwaza aliyeachwa, ambacho Kurani imekitaja na ambacho Washafii wamekihesabu kuwa wajibu. Makadhi wa pwani wana silaha hizi zote mkononi.

Waingereza nao, kwa ucheleweshaji wao wote, waliwahi kupata jambo moja kwa usahihi. Mwaka 1878 Frances Power Cobbe alichapisha makala juu ya wake wanaoteswa na waume zao, akipendekeza mwanamke asaidiwe na hakimu wa karibu badala ya mahakama kubwa ya London. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria: mume akitiwa hatiani kwa kumshambulia vibaya mkewe, na hakimu akaridhika kwamba usalama wa mke uko hatarini, hakimu huyohuyo angeweza kutoa amri ya kutengana, kumpa mama watoto walio chini ya miaka kumi na kumwamuru mume alipe fedha kila wiki. Haikuwa talaka, na mke aliyezini alinyimwa. Hata hivyo, mambo matatu yaliwekwa katika amri moja: usalama, mtoto na chakula. Hayo ndiyo mambo matatu ambayo aliyepigwa anayahitaji siku anapotoka, na akiyapata mawili bila la tatu atarudi.

Kinyume chake kilionekana Tanganyika. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1949 iliyohusu watoto wa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Kikomo hicho kilibaki vitabuni hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipokiondoa. Sheria inapotaja kiasi na kukisahau, thamani yake huyeyuka mwaka hadi mwaka, na anayelala njaa ni mtoto.

Mahali mapokeo yanapokutana

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ni miongoni mwa majaribio ya mapema ya kuyaweka mapokeo haya katika kitabu kimoja. Ilinufaika na kazi ya tume iliyoundwa Kenya mwaka 1967. Kenya yenyewe ilishindwa kupitisha sheria ya namna hiyo: muswada uliangushwa bungeni katika miaka ya 1970, baadhi ya wabunge wakilalamika kwamba unamnyima mume haki ya kumrudi mkewe, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 2014. Tanzania Bara haikuogopa. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kifungu cha 107 kinahesabu ukatili wa mwili na wa akili, uwe umetendwa kwa mume au kwa mke, au hata kwa watoto wa ndoa, kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mume anayeteswa na mkewe analindwa na kifungu hichohicho. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa pamoja, na bei ya kutoka ikapungua kwa kila mama wa nyumbani.

Lakini ukiisoma sheria hii kwa kipimo cha Malik, utaona mahali ilipoacha mwanya. Ukatili kwa mtoto umetajwa katika kifungu cha kuvunja ndoa, ila umesahauliwa katika kifungu cha kumgawa mtoto. Kifungu cha 125 kinatanguliza ustawi wa mtoto, kisha kinataja matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto na desturi za jamii. Kinadhania kwamba aliye chini ya miaka saba anafaa kuwa na mama, huku kikionya dhidi ya kumhamisha-hamisha. Tazama onyo hilo linavyoweza kufanya kazi. Mama anakimbia usiku, ana fomu ya PF3 ya polisi mkononi, watoto wamebaki ndani kwa kuwa mlango ulifungwa. Anapelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kwa kuwa kifungu cha 101 kinataka hati ya baraza kabla ya talaka. Baraza linaahirisha kwa kuwa mume hakufika. Miezi inapita. Shauri linapofika mbele ya hakimu, watoto wamezoea shule na wenzao upande wa baba, na inaonekana busara wasisumbuliwe. Hakuna aliyetoa hukumu mbaya, na bado dhalimu amevuna. Amevuna kwa kuchelewesha.

Dawa imo ndani ya sheria hiyohiyo. Kifungu cha 101 kinaruhusu kulipita baraza pale mazingira yasiyo ya kawaida yanapofanya usuluhishi usiwezekane, na mtu aliyevunjwa mkono asilazimishwe kuketi meza moja na aliyemvunja. Kifungu cha 115 kinampa hakimu uwezo wa kuamuru matunzo shauri likiwa bado linaendelea. India, katika uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2020, imekwenda hatua mbele: matunzo yanahesabiwa kuanzia siku ya maombi, na kila upande unaapa kwa maandishi juu ya kipato na mali yake, ili asiwepo anayefaidi kwa kuahirisha.

Uingereza ya leo imefuata njia nyingine. Mwaka 2018 Mahakama yake ya Juu ilimkatalia mwanamke talaka kwa kuwa hakuthibitisha kiwango cha kutosha cha mwenendo mbaya wa mumewe, na tangu tarehe 6 Aprili 2022 hakuna tena haja ya kuthibitisha kosa la mtu. Mlango umekuwa mwepesi, nami nafurahi kwa ajili ya wale waliokuwa wakilazimika kuanika majeraha yao ili waruhusiwe kupita. Hata hivyo, ukatili hautoweki kwa kutotajwa katika hati ya talaka. Ni lazima ukumbukwe mahali pengine, kwenye amri ya mtoto na amri ya fedha, ama sivyo aliyepiga na asiyepiga watatoka mahakamani wakiwa sawa.

Nikiyalinganisha mapokeo yote manne, sioni hata moja lenye haki ya kujivuna, wala hata moja lililokosa cha kufundisha. Malik anatufundisha kwamba mali iliyotolewa kwa kubanwa irudishwe. Shafii anatufundisha kwamba chakula kilichonyimwa ni deni. Waluguru wanatufundisha kwamba mama mwenye watoto na ardhi hafungwi na hofu. Kanisa linafundisha kwamba uzito wa kiapo hauhalalishi hatari ya mwili. Waingereza wa mwaka 1878 walionyesha kwamba hakimu mmoja anaweza kutoa amri tatu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nawaomba mahakimu wa mwanzo na wa wilaya, makadhi na wajumbe wa mabaraza: ombi la talaka kwa ukatili likifika mezani, msianze na swali la kama ndoa imekufa. Anzeni na mtoto alale wapi leo na ale nini kesho, mtoe amri ya muda juu ya hayo, kisha mwendelee na ushahidi kwa utulivu. Mabunge yetu yaongeze neno ukatili katika vifungu vya malezi ya mtoto, lisomwe na kila anayeamua. Nawe msomaji, ukigongewa mlango usiku na dada au kaka aliyepigwa, mpeleke hospitali na polisi kabla ya kumpeleka kwa wazee, zitunze karatasi zote, na uhakikishe watoto wametoka pamoja naye. Usimshauri avumilie.